Visiwa vya Karibi kwenye Jaruba la Shule

Wenzangu wa ofisi ya walimu, siku ile ya kuniaga, ya soda na biskuti, mliniomba niwaandikie kidogo jinsi nilivyofanya kazi, eti nyie vijana mpate la kujifunza. Nimechelewa kwa sababu mtu aliyestaafu ana shughuli nyingi sana: kuamka, kukaa barazani, na kuhamisha kiti jua likihama. Sasa hapa Magamba, nilikokuja kustaafia, karanga nimeshapalilia na kisingizio kimekwisha. Habari za kupandishwa daraja na mshahara sitaziandika. Hizo mnazizungumza kila siku saa ya chai, na mnazijua kuliko mimi.

Nianze na jambo ambalo wengi wenu mnalijua na mmenicheka sana. Mimi si mtu wa safari. Nilizaliwa Mpanda mjini, nyuma ya duka la baba la vitenge na sabuni. Nikasoma hapo hapo hadi kidato cha nne, nikapanda treni kwenda Tabora kuchukua cheti cha ualimu, na njia nzima nilishika sanduku langu kama vile treni ndiyo inataka kuliiba. Bahari sijaiona. Ziwa Tanganyika nililiona mara moja tu, dada yangu alipoolewa Kapalamsenga. Shemeji akaniambia, "Zuhura, panda mtumbwi tukutembeze." Nikamjibu kwamba ziwa linaonekana vizuri sana kutoka mlangoni. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa kazi ya kufundisha visiwa vya dunia.

Shule yangu ya kwanza, ambayo ndiyo ikawa karibu maisha yangu yote, ilikuwa Mpimbwe, upande wa Mamba. Nilifika juu ya lori lililokuwa linakwenda kubeba mpunga, na nilishushwa pamoja na godoro, sanduku la bati na vumbi langu. Mwalimu mkuu alikuwa Mfipa mmoja mrefu, Mwalimu Mwanisawa, mwenye kalamu nyingi mfukoni na hata moja haiandiki. Akanipokea, akanipa maji ya kunywa, akaniuliza, "Umetoka mjini, Mwalimu?"

"Ndiyo. Mpanda."

"Basi wewe utachukua Jiografia. Sisi huku hatuijui dunia."

Dunia niliyoijua mimi ilianzia stesheni ya treni ikaishia sokoni. Lakini siku ya kwanza ya kazi huwezi kubishana na mtu aliyekupa maji.

Kifaa changu kilikuwa ramani moja ya kitambaa. Ilikunjwa stoo, juu ya magunia ya mahindi ya mbegu, na panya walikuwa wamepita. Bara la Afrika walituachia zima, nawashukuru. Ulaya waliing'ata pembeni tu. Kazi kubwa walifanya upande wa Amerika: walianzia pale Florida inapoishia wakateremka hadi karibu na Venezuela, na Kuba ikabaki mkia. Nikaitundika ubaoni hivyo hivyo. Binti mmoja wa mbele akanyoosha kidole.

"Mwalimu, wanaokaa kwenye tundu ni akina nani?"

"Hapo pana visiwa. Vinaitwa visiwa vya Karibi."

"Vingapi?"

"Vingi. Tutavisoma kesho."

Kesho hiyo ilinichukua muhula mzima. Ofisini kulikuwa na atlasi moja, nikaisoma kama mtu anayetafuta ndugu aliyepotea. Nikagundua kwamba panya walikuwa wamekula sehemu ngumu kuliko zote. Kwingine kote nchi ni kipande cha ardhi chenye mpaka na jina lake. Huku kwenye tundu kuna kisiwa kimoja chenye nchi mbili, Haiti na Jamhuri ya Dominika. Kuna nchi moja yenye visiwa viwili, Trinidad na Tobago. Kuna Puerto Riko iliyo mikononi mwa Marekani lakini si jimbo lake. Kuna Martinique, ambayo ukimuuliza mwenyeji wake atakwambia hapa ni Ufaransa, na kweli ni Ufaransa, wanachagua rais wa Ufaransa. Halafu kuna kisiwa kidogo cha Saint Martin, ambacho ukikizunguka asubuhi kwa gari unarudi kabla ya chakula cha mchana, na bado Mfaransa na Mholanzi wamekigawana.

Niliyaandika yote ubaoni, watoto wakanakili. Mwalimu Mwanisawa alikuwa ameketi nyuma ya darasa. Kipindi kilipokwisha akanifuata.

"Mwalimu, umewatajia majina mengi. Wameshika lipi?"

"Jamaika, nadhani."

"Jamaika wamefundishwa na redio. Nauliza la kwako."

Akanichukua hadi nyuma ya shule, kwenye jaruba letu la mpunga. Kona moja ilikuwa ya kitalu, miche ilikuwa imeshang'olewa, yamebaki maji na tope.

"Udongo upo, maji yapo, watoto wapo," akasema. "Unakosa nini?"

"Viatu vya kuingilia humo."

"Vua hivyo ulivyovaa."

Kwa hiyo nyie mnaofundisha Jiografia sasa kwa picha za kwenye simu, nawaachia njia yangu kama ilivyo. Chukua tope la mfinyanzi, si la mchanga. Ukitumia la mchanga Bahamas itayeyuka kabla ya kengele. Anza na Kuba, ndefu, kama mjusi aliyelala. Kisha kisiwa cha nchi mbili, na mpaka wake panga vijiti: Haiti upande wa magharibi. Ndipo ushuke na vile vidogo kwa upinde, Antigua, Dominika ile ndogo isiyo jirani ya Haiti, Saint Lucia, Grenada, kama shanga za mkufu uliokatika. Nchi inayojitawala unaichomekea kijiti chenye kitambaa cha rangi yake. Ile ambayo bado ina mwenyewe ng'ambo ya bahari haipati kijiti. Unaifunga kamba, na mwisho wa kamba unampa mtoto aliyesimama juu ya tuta la jaruba. Huyo ndiye Ufaransa, huyu Uingereza, yule Marekani. Watakaoshika kamba watajivuna, wavumilie, ni nusu saa tu.

Watoto walielewa kuliko nilivyotegemea. Siku moja wakabishana kama kweli Martinique ni Ufaransa wakati iko mbali hivyo, na mtoto wa wafugaji wa ng'ambo ya mto akawamaliza wenzake wa Senta, upande wa shule: "Ng'ombe wa baba akienda kuchungwa Senta, anakuwa ng'ombe wa Senta?"

Mwalimu Mwanisawa alistaafu, wakuu wengine wakaja wakaenda. Mimi nilibaki. Mara kadhaa walitaka kunihamisha, nikawaeleza kwamba kabati langu halipiti mlangoni. Lilipita kwa kuingia, lakini hakuna aliyeuliza.

Sasa niwaeleze kesi iliyokuwa ngumu kuliko zote, maana wengine mliisikia vipande vipande na mmeiongezea chumvi.

Kijiji chetu kilikuwa na vitongoji, viwili vikiwa vikubwa. Senta, penye shule, mashine ya kukoboa na ofisi ya kijiji, walikaa zaidi Wapimbwe, wakulima wa mpunga na mahindi. Ng'ambo, upande wa pili wa mto, walikaa Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao kutoka kaskazini. Masika mto ukijaa, Ng'ambo inakatika kabisa na watoto wao hawaonekani shule mpaka maji yapungue. Walitaniana tangu nilipowakuta. Wa Senta wanasema, "Nyie Wasukuma mnawapenda ng'ombe kuliko wake zenu." Wa Ng'ambo wanajibu, "Ng'ombe anasikia akiambiwa." Wanacheka, maisha yanaendelea.

Mwenyekiti wa kitongoji cha Ng'ambo alikuwa Mzee Masanja, mtu wa ng'ombe wengi na maneno machache. Binti yake Kabula alikuwa darasa la saba. Siku moja ya mvua nyepesi Masanja alikuja shuleni kuuliza kwa nini mtoto wake anarudi na tope hadi magotini, akatukuta jarubani. Akasimama kwenye tuta na fimbo yake, karibu na Uingereza.

"Mwalimu, hiki kidogo hapa nacho ni nchi?"

"Ndiyo. Saint Kitts na Nevis."

"Ina watu?"

"Wapo. Wote ukiwaleta Mpanda mjini wanaenea, na nafasi inabaki."

"Wana serikali yao?"

"Wana waziri mkuu, bunge na bendera. Na kwenye mikutano ya mataifa wana kura moja, sawa na ya nchi kubwa."

Akakiangalia kile kibonge cha tope muda mrefu. Akasema, "Sawa," akaondoka. Mimi nikafurahi kwamba nimepata mzazi anayependa elimu.

Mkutano mkuu wa kijiji uliofuata, Masanja akasimama. "Sisi Ng'ambo tunataka kuwa kijiji. Mto unatukata, maendeleo yote yanaishia Senta. Mkisema sisi ni wachache, Mwalimu Zuhura hapa ana nchi nzima yenye watu wachache, na ina bendera. Mwalimu, sema!"

Mkutano wote ukanigeukia. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Kaluwa wa Senta, akanitazama kama mtu aliyekuta mbuzi kwenye mboga zake.

"Ni kweli zipo nchi ndogo," nikasema.

"Na huko kuna aliyejitenga?" Kaluwa akauliza.

Hapo ningenyamaza. Lakini mwalimu akiulizwa swali anajibu, ni ugonjwa. "Hao wa Nevis walipiga kura ya kujitenga na Saint Kitts, kura zikapungua kidogo."

"Kidogo!" akapiga kelele Masanja. "Mmesikia? Kidogo tu!"

"Na Anguilla je," nikaendelea, nikidhani natuliza, "hao walikataa kuwa chini ya Saint Kitts, wakaona bora warudi kwa Mwingereza."

"Kha!" mama mmoja akashika kichwa. "Walidai mkoloni arudi? Basi walichoshwa kweli."

Kaluwa akakasirika. Akasema kama Ng'ambo wanataka kwenda waende, mlango uko wazi, lakini shule ni ya Senta na watoto wa kijiji kingine hawatasoma hapo. Ng'ambo wakajibu sawa, ila madawati ya darasa la saba mbao zake walitoa wao, na watakuja kuzichukua. Ni kweli walitoa mbao. Senta ndio walitoa misumari na fundi. Nilidhani ni hasira za mkutano, watu wakila watasahau.

Hawakusahau. Mwalimu mkuu alikuwa amekwenda Mpanda kikazi, shule kaniachia mimi, na mkokoteni wa ng'ombe ukaingia uwanjani asubuhi, saa ya Hisabati. Masanja mbele, wanaume wa Ng'ambo nyuma, na mtaimbo mkononi.

"Habari za asubuhi, Mwalimu. Tumekuja kuchukua mbao zetu."

"Mzee Masanja, watoto wanasoma."

"Wasome tu. Sisi tunachukua mbao, masomo hatuyagusi."

Fundi seremala wa Senta alikuwa ameona mkokoteni, akaja mbio na nyundo yake. "Mbao chukueni! Misumari ni yetu! Ng'oeni mmoja mmoja muache hapa!"

"Utapata yote, hata iliyopinda."

"Iliyopinda mtainyoosha kwanza!"

Mnaweza kucheka sasa. Siku ile sikucheka. Watoto wa Ng'ambo walikuwa nusu ya darasa langu la saba. Walikuwa wameshasajiliwa kwa mtihani wa taifa, na walisajiliwa kwetu. Shule nyingine ya karibu ni mbali kwa mtoto wa kutembea, na hata wakifika, majina yao huko hayapo. Ukimtoa mtoto darasa la saba katikati ya mwaka namna hiyo, wa kiume anakwenda kuchunga na wa kike anaolewa, nimeona. Nikamwambia Masanja hivyo hivyo, mbele ya wenzake.

"Tutajenga ya kwetu," akasema.

"Lini?"

"Tukishakuwa kijiji."

"Na kijiji mtakuwa lini? Maombi yanakwenda halmashauri, yanakwenda mkoani, yanapanda huko juu. Mtihani ni Septemba."

Masanja akainama kwenye dawati la pili, akaingiza mtaimbo kwenye mguu, msumari ukalia, ukatoka. Akaufuata wa pili. Kwenye dawati hilo walikaa Kabula mwanawe na Neema, mtoto wa yule fundi. Hawakuwa wameinuka. Masanja akanyoosha mgongo.

"Kabula, inuka."

"Baba, subiri nimalize hesabu."

"Inuka, nimesema."

"Nikiinuka Neema ataanguka," Kabula akasema, bila kuacha kuandika. "Umeshatoa misumari ya upande wangu. Linasimama kwa sababu tumekaa wawili."

Darasa zima likaangalia chini ya dawati. Ilikuwa kweli. Ule mguu ulikuwa umeachia, na benchi limelala vizuri kwa uzito wa watoto wawili tu. Fundi, ambaye ni yeye aliyelitengeneza, akainama akatazama, akasema kwa sauti ya kazini, "Kweli, akitoka mmoja linabinuka."

Masanja akabaki na mtaimbo wake. Nyuma, mwanaume mmoja wa Ng'ambo akaanza kucheka, wengine wakamfuata, hata watoto. Masanja hakucheka, lakini hakuingiza tena mtaimbo. Nikaona nafasi, nikaingia.

"Mzee Masanja, siku ile jarubani uliondoka kabla ya kipindi kuisha."

"Kulibaki nini?"

"Kulibaki habari ya vile visiwa vidogo vya upinde. Kila kinachojitawala kina bendera na waziri mkuu wake. Lakini wana fedha moja, hawana kila mtu noti yake. Mahakama yao kubwa ni moja. Na chuo kikuu kimoja wanakitumia nchi nyingi, wa kisiwa hiki anakwenda kusoma kwenye kisiwa kile."

"Na hakuna aliyekwenda kung'oa mbao?"

"Sijasoma mahali."

"Anayesimamia ni nani?"

"Kwenye umoja wao mkubwa uenyekiti wanapokezana."

"Wakianza na nani?" fundi akadakia.

"Wewe nyamaza," Masanja akamwambia, "tunaongea mambo ya nchi." Kisha akanigeukia. "Mwalimu, kwa nini mambo hayo hukuyasema mkutanoni?"

"Hukuniuliza. Uliuliza ya bendera tu."

Akatazama dirishani. "Ng'ombe wamechoka kusimama juani," akasema. Akatoka, wenzake nao, mkokoteni ukarudi Ng'ambo mtupu. Misumari miwili aliondoka nayo mfukoni na fundi aliisema mwezi mzima. Kabula na Neema walikaa hivyo hivyo mpaka saa ya kutoka. Nilipowaruhusu waliinuka kwa kuhesabu, moja, mbili, tatu, pamoja.

Msidhani mambo yaliisha hapo. Nilikwenda kwa Mzee Kaluwa nikamwambia Ng'ambo wameacha madawati, naye alegeze kauli yake ya shule. Akanung'unika kwamba mimi ndiye niliyeleta balaa na kamba zangu na matope yangu. Nikamwambia ndiyo, na sasa naomba soda ya kumaliza ugomvi. Vikao vilikaliwa, vingine Ng'ambo, vingine Senta, na mwalimu mkuu aliporudi alisaidia sana kwa kuwa yeye hakuwa amejibu swali lolote mkutanoni. Mwisho walikubaliana kwamba vijiji vikiwa viwili au kimoja, shule itabaki moja, ya watoto wote.

Septemba ilifika. Nilisimama mlangoni nikawahesabu wakiingia kwenye chumba cha mtihani, na watoto wa Ng'ambo wote walikuwepo, Kabula akiwa na viatu vya kuazima. Alifaulu, akaendelea na sekondari. Neema naye alifaulu. Wengine hawakufaulu, hilo ni kawaida yetu na si kosa la visiwa.

Ng'ambo ilipata kuwa kijiji baada ya miaka, kwa njia ile ndefu niliyomwambia Masanja, na yeye ndiye akawa mwenyekiti wa kwanza. Kabla ya wiki kuisha alikuja ofisini kunitafuta, amevaa koti kubwa kwenye jua kali.

"Mwalimu, kamati ya shule ina wajumbe wengi wa Senta. Sisi ni kijiji kamili. Nataka tulingane."

Nikamwambia akaongee na Mzee Kaluwa, na Kaluwa mwenyewe alikuwa ndiyo anaingia getini kulalamika kwamba Ng'ambo wanataka kuitawala shule. Wakakutana chini ya dirisha la darasa la tatu wakagombana viti vya kamati, nani awe mwenyekiti, nani katibu, kwa sauti mpaka watoto wakashindwa kusoma. Niliwavumilia kidogo, kisha nikatoka nikawafukuza wote wawili. Walielekea barabarani wakiwa bado wanabishana, na mimi nikarudi kusahihisha madaftari nikiwa nimetulia kabisa. Mtu hagombanii kiti kwenye nyumba anayotaka kuihama.